Nasaba na Vinasaba

Posa ya dada ililetwa Shumba mwezi wa Rajabu, baada ya sala ya Alasiri. Haikuwa posa ya wageni. Aliyeposa ni mtoto wa ami yetu, kijana tuliyesoma naye chuoni na skuli, na kati ya nyumba yao na yetu kuna minazi minne na kisima. Kwa kawaida upande wa mwanamke huomba siku kadhaa za kuuliza: anaswali, ana kazi, ana tabia gani, na zaidi ya yote, nasaba yake ni ipi. Safari hii babu, mdogo wake babu yetu mzaa baba, alicheka akasema, "Tuulize nini? Nasaba yake si ndiyo hii yetu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimimina kahawa, na sikucheka. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimejua jambo moja kuhusu nasaba yetu ambalo wale wazee hawakulijua.

Nasoma shahada ya uzamili ya maadili ya tiba Dar es Salaam. Wengi wetu darasani hatukutoka kwenye sayansi. Mimi shahada ya kwanza nilisoma sosholojia. Katika somo la jenetiki tulipelekwa maabara, na aliyetaka aliruhusiwa kutoa damu yake ipimwe hemoglobini. Nilijitolea kama mtu anavyojitolea kupimwa urefu. Majibu yalikuja kwenye karatasi ndogo: AS. Maana yake mimi si mgonjwa, lakini nimebeba nakala moja ya jeni ya selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli.

Kwa ambaye hajawahi kuelezwa, mambo yenyewe ni haya. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza sehemu ya hemoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Katika jeni ya selimundu kuna herufi moja tu iliyobadilika, na kwa herufi hiyo asidi amino ya sita katika mnyororo wa beta inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Mwenye nakala moja iliyobadilika huishi kama wengine. Mwenye nakala mbili, chembe zake nyekundu za damu hujikunja zinapopungukiwa na oksijeni, zikawa na umbo la mundu, ngumu, zikaziba mishipa midogo. Hapo huja maumivu ya mifupa, kuvimba vidole vya mikono na miguu kwa watoto wachanga, macho ya manjano, kuishiwa damu, bandama kuharibika. Bila matunzo, wengi hawafiki miaka mitano.

Wanandoa wawili wenye AS wakipata mimba, kila mimba ina robo ya uwezekano wa mtoto mgonjwa, nusu ya uwezekano wa mtoto mbebaji, na robo ya mtoto asiye na chochote. Kila mimba peke yake. Hesabu haikumbuki kilichotokea mimba iliyopita.

Sasa rudi ukumbini kwetu. Nilipokuwa na miaka kumi, ami alifiwa na mtoto wa kiume, mdogo wake huyu aliyekuja kuposa. Namkumbuka vizuri. Vidole vyake vilikuwa vikimvimba, usiku wa baridi alikuwa akilia miguu inamuuma, macho yake manjano kama ndani ya embe bivu. Waliomtazama walisema mengi: wengine safura, wengine baridi yabisi, wengine shetani. Aliandikiwa makombe, akafukizwa, akapelekwa hospitali akaongezwa damu, akarudi. Alifariki kabla hajaanza darasa la kwanza. Baadaye nikasikia maneno ambayo watoto husikia wakidhaniwa wamelala: kwamba mke wa ami ana kisirani, kwamba alikuja na jambo kutoka kwao, kwamba "kwetu sisi hakuna maradhi hayo".

Nyuma ya pazia nilifanya hesabu. Kama mimi ni AS, basi mmoja wa wazazi wangu kwa uchache ni mbebaji, na dada ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji. Kama yule mtoto wa ami aliugua selimundu kweli, basi ami na mkewe wote wawili ni wabebaji, na kaka yake aliye mzima ana theluthi mbili za uwezekano wa kubeba. Nusu mara theluthi mbili mara robo: moja kati ya kumi na mbili kwa mtoto wa kwanza wa dada yangu.

Kahawa ikamwagika kwenye sinia.

Swali lililonikosesha usingizi halikuwa la sayansi. Lilikuwa hili: habari niliyo nayo ni ya nani? Damu iliyopimwa ni yangu. Darasani tunafundishwa siku ya kwanza kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Lakini siri yangu hii haiwezi kusemwa bila kusema pia ya baba au mama yangu, ambao hawakuomba kupimwa, na haiwezi kunyamaziwa bila dada kuolewa gizani. Magonjwa mengine mtu huyaugua peke yake. Ya kurithi, mmoja akipimwa, nyumba nzima imepimwa nusu nusu bila kujua.

Neno lenyewe linasema hivyo. Waliotafuta neno la Kiswahili la chembe hizi za urithi hawakwenda mbali. Wakachukua nasaba, neno lile lile la wazee wa posa, wakasema vinasaba. Nasaba haijawahi kuwa mali ya mtu mmoja. Lakini pia haijawahi kuwa mali ya kila apitaye njiani.

Kabla sijaamua nilisoma watu wengine walifanya nini, maana sisi si wa kwanza. Mwaka 1968 Linus Pauling, mkemia aliyepata tuzo mbili za Nobeli na ambaye mwaka 1949 ndiye aliyeonesha kwamba ugonjwa huu unatokana na molekuli ya hemoglobini yenyewe, alipendekeza vijana wenye jeni ya selimundu wachorwe alama kwenye paji la uso, ili wabebaji wawili wakikutana watambuane na wasipendane. Alikuwa akiwaza kupunguza mateso ya watoto, sina shaka. Nilijaribu kumfikiria dada na alama kwenye paji la uso akitembea ufukweni Shumba kwenda kwenye mwani wake, na kila mtoto anayeokota chaza akijua damu yake ikoje. Ndipo nikaelewa kwamba nia njema inaweza kumvua mtu nguo.

Kipro walikwenda njia nyingine. Kule tatizo lilikuwa talasemia, ndugu wa karibu wa selimundu. Kanisa la Kiorthodoksi lilianza katika miaka ya 1980 kudai cheti cha kupimwa kabla ya kufungisha ndoa, bila kuwazuia wenye majibu mabaya wasioane, na watoto wanaozaliwa na talasemia kali wakakaribia kwisha. Saudia nayo ilifanya upimaji wa selimundu na talasemia kuwa lazima kabla ya ndoa mwaka 2004, uamuzi ukabaki wa wenyewe. Mwaka huo wa kwanza, kati ya wachumba waliokutwa wote ni wabebaji, kiasi cha mmoja kati ya kumi tu ndio walioachana. Kufikia mwaka 2009 walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Takwimu hizo nilizisoma mara nyingi. Mwanzoni karatasi huja ukumbi umeshakodiwa na mahari yameshatolewa, na nani atavunja harusi kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo? Baadaye watu hujifunza kuuliza mapema.

Hata ndugu zetu wa Omani, ambako kila familia ya Pemba ina mtu wa kumpigia simu siku ya Idi, wanaishi na jambo hili. Walipochunguzwa wenye jeni ya selimundu kule, ilionekana jeni hiyo imezungukwa na alama za aina tatu: moja inayoitwa ya Benin, moja ya Uarabuni na Uhindi, na moja iliyopewa jina la Kibantu, ambayo ni ya pande zetu hizi. Majahazi hayakubeba karafuu peke yake.

Kisha kuna jambo linaloifanya hesabu hii iwe chungu zaidi kwetu Pemba. Jeni hii haikusambaa kwa bahati mbaya. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akakuta wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria na karibu hawapo kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha maelezo: mwenye nakala moja hulindwa na malaria. Tafiti za Kilifi zilikuja kuonesha ulinzi huo ni mkubwa, kiasi cha asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Yaani mimi nipo kwa sababu bibi fulani wa bibi yangu, aliyelala bila chandarua kwenye kisiwa cha mbu, alikuwa na nakala ile moja. Waliokosa nakala hiyo walizikwa na homa. Waliopata mbili walizikwa na maumivu. Waliobaki katikati ndio wakawa nasaba yetu.

Na malaria yenyewe? Zanzibar ilianza dawa mseto mwaka 2003, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani vikafuata, na katika miaka michache waliokutwa na vimelea wakashuka chini ya asilimia 1. Malaria haijaisha, ila si ile tena. Mlinzi amebaki mlangoni na mwizi hayupo, na mlinzi bado anadai mshahara wake kwa watoto wetu.

Nilimweleza haya mwanafunzi mwenzangu wa mwaka wa pili ambaye yeye ana SS. Anaishi kwa haidroksiyurea, maji mengi na nidhamu ambayo mimi sina. Nilitaka anipe moyo wa kumwonya dada. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema taratibu, "Unajua huyo mtoto unayemhesabu ni mimi?"

Nikaanza kujieleza, kwamba namaanisha kumkinga mtoto na mateso. Akanikatiza. "Dada yako akiolewa na mwingine, huyo mtoto hakingwi na chochote. Hazaliwi tu. Atazaliwa mwingine. Useme unamtaka huyo mwingine, usiseme unanisaidia mimi."

Alikuwa amegusa fundo ambalo mwanafalsafa Derek Parfit alilifunga mwaka 1984 na hakuna aliyelifungua vizuri hadi leo. Nikimpa mtoto aliyekwisha kuzaliwa dawa, nimemsaidia yeye. Nikibadilisha nani anaoana na nani, sijamsaidia mtoto yeyote. Nimebadilisha ni mtoto gani atakuwepo. Kwa hiyo ile sentensi tunayoipenda, "fanyeni kwa ajili ya mtoto," ina tundu katikati yake.

Nilikaa na tundu hilo siku nyingi. Niliposhindwa kuliziba nilijaribu kuuliza kwa namna nyingine: mbali na mtoto, nani mwingine yupo hapa? Yupo dada. Dada yupo tayari, ana jina, analima mwani, ana mipango. Yeye ndiye atakayekesha na mtoto anayelia miguu. Yeye ndiye atakayesemwa ana kisirani, kama alivyosemwa mke wa ami. Deni langu halikuwa kwa mtoto wa hesabu. Lilikuwa kwa dada yangu, na lilikuwa deni la habari, si deni la uamuzi.

Hapo ndipo sheria ya mirathi, tunayoijua wote tangu utotoni kwa ugomvi wa mashamba, ilinisaidia kuliko vitabu vya darasani. Mtu akifariki, kabla ya kugawa mikarafuu hulipwa madeni yake. Chukua mrithi aliyekuta karatasi ya deni ndani ya sanduku la marehemu. Akiichana, amewadhulumu warithi wenzake, kwa sababu deni litakuja kudaiwa na wao hawajajiandaa. Akienda kuisoma barazani mbele ya wacheza bao, amemwaibisha marehemu na kuwavunjia hadhi walio hai. Na akiamua peke yake shamba gani liuzwe kulilipa, amejifanya mwenye mali. Kinachomlazimu ni kimoja: kuwaonesha warithi wenzake karatasi, faraghani, kisha kukaa kama mmoja wao.

Karatasi niliyoiona mimi ilikuwa moja, ya kwangu. Ile ya nyumba ya ami sikuiona. Niliikisia kutokana na macho ya manjano ya mtoto niliyemkumbuka. Kukisia si kuona. Nikajiwekea mpaka: nitamwambia dada ya kwangu, na yale mengine atauliza mwenyewe kama akitaka.

Nilimfuata ufukweni maji yalipokupwa. Alikuwa akifungua kamba za mwani, magoti ndani ya maji. Nikamweleza kwa maneno machache. Swali lake la kwanza lilinivunja.

"Kwa hiyo wewe ni mgonjwa?"

Nikamwambia sina ugonjwa, ni mbebaji tu, na yeye huenda ni mbebaji, huenda siye. Aliendelea kufungua kamba. Baadaye akasema, "Mdogo wangu, ulitaka nijue, au umechoka kulibeba peke yako?"

Nikasema yote mawili. Ilikuwa kweli, na sidhani kama la pili linalichafua la kwanza.

Hakunijibu atafanya nini. Akaniuliza ile hesabu, nikampa: moja kati ya kumi na mbili. Ndipo aliponifundisha kitu ambacho mimi mwenye kitabu sikukiona. "Hiyo si hesabu yetu," alisema. "Hiyo ni hesabu ya kutojua kwetu. Tukipimwa, ama hakuna kitu ama ni robo. Hakuna mimba ya moja kwa kumi na mbili." Yuko sahihi. Uwezekano niliokuwa nikiuogopa haukuwa ndani ya damu ya mtu yeyote; ulikuwa ndani ya kichwa changu.

Alimwambia mchumba wake yeye mwenyewe. Mchumba akamuuliza mama yake habari za mdogo wake marehemu, na mama yake akaniita. Nilikaa naye jikoni kwake. Nilimwambia sijui mtoto aliugua nini, kwa kuwa hakupimwa. Nikamwambia kama ni hiki ninachokifikiria, basi mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, na nusu moja peke yake haimuugulishi mtu. Alinyamaza muda mrefu akikoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

"Na baba yake pia?" aliuliza.

"Ndiyo mama. Sawa sawa."

"Nusu yake?"

"Nusu yake."

Alifunika sufuria, akakaa chini. Miaka kumi na sita alikuwa ameibeba hukumu nzima ambayo, hata kwa hesabu kali kabisa, ilikuwa yake nusu tu. Na hiyo nusu nayo si kosa, kwani nani huchagua nakala atakayoitoa? Sikuwahi kufikiri kwamba jeni inaweza kumwondolea mtu aibu. Nilikuwa nimeiogopa habari hii kama jambo la kuvunja harusi tu. Sikuona kwamba kimya chetu kilikuwa kimeshavunja kitu tayari, jikoni kwa mke wa ami, bila mtu kukiita kwa jina.

Wapo walionilaumu. Shangazi mmoja alisema nimeleta fitina ya vitabu, na kwamba la kuvunda halina ubani. Namheshimu, na najua msemo huo umewasaidia watu wengi kuamka asubuhi baada ya mazishi. Lakini ni msemo wa baada. Anayeutumia kabla anakataa kufukiza ubani wakati kitu bado hakijavunda. Baba yeye alinyamaza siku mbili, kisha akanikumbusha kile kisa cha bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Hakusema zaidi, na hakuniuliza nakala yangu imetoka kwake au kwa mama. Mimi pia sijauliza.

Dada na mchumba wake walikwenda kupimwa pamoja. Harusi iliyokuwa ifanyike Shaabani ilisogezwa hadi baada ya Ramadhani ili wapate nafasi ya kufikiri, na kijiji kikajaza nafasi hiyo kwa maneno yake. Majibu yao nayajua. Sitayaandika hapa, wala uamuzi wao. Dada ameisoma makala hii, akanifuta sentensi mbili, akaniruhusu iliyobaki. Mke wa ami nimemsomea sehemu yake kwa sauti, naye akasema niiache kama ilivyo.

Juzi babu, yule aliyecheka siku ya posa, alinikuta barazani. Ana mjukuu wa kike anayemaliza skuli mwaka huu. Alizunguka na maneno kwa muda, bei ya mwani, mvua, kisha akauliza kama mtu asiyejali: "Hivyo vinasaba vyenu, vinaulizwaje?"

Nikamwambia tone la damu linatosha, na kwamba ni bora mtoto ajue yake mwenyewe kabla hajaanza kupenda, akaitunza kama anavyotunza siri nyingine, mpaka siku atakapokuwa na mtu wa kumwambia.

"Bila kuandikwa popote?"

"Bila kuandikwa usoni, babu."

Akatikisa kichwa, akaniuliza kama huyo mjukuu wake nitampeleka mimi.